Polisi wamefika bila taarifa kukagua silaha yako: uwafungulie, uwahoji kwanza getini, au udai waranti?

Aliye na cheti cha silaha hapa Nakuru, Kenya, hakukiokota njiani. Alipeleka hati ya tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, akajibu maswali ya Bodi ya Leseni za Silaha, na kila mwaka anarudi kukihuisha. Wengi waliyapitia haya mara mbili, kwa sababu Desemba 2018 Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Makaratasi basi tunayajua. Tusilolizungumza vya kutosha ni ile asubuhi askari wawili wanaposimama getini Milimani au Lanet, simu hawakupiga, nao wanasema wamekuja kuona silaha inawekwa wapi.

Hapo mwenye nyumba ana njia tatu. Ya kwanza ni kufungua geti na kuwapeleka moja kwa moja kwenye sefu. Ya pili ni kuwapokea kwa heshima lakini wasubiri nje mpaka uhakikishe ni nani na wametumwa na nani, kisha uwaonyeshe sefu pekee. Ya tatu ni kuwaambia hawaingii bila waranti. Ipo na ya nne, ya kuomba silaha ikakaguliwe kituoni, nayo nitaigusa kwa ufupi. Mimi nasimama na ya pili, tena kwa nguvu, ila kuna hali ambapo ya tatu ndiyo sahihi na mtu asione haya kuichukua.

Sheria inasema nini

Kabla ya kupima njia hizi, mambo mawili yatenganishwe. Ukaguzi ni askari kuona cheti chako, silaha yenyewe, namba iliyochongwa juu yake, risasi ulizonazo na mahali zinapofungiwa. Msako ni kufungua makabati, kuinua magodoro, kupekua mafaili na simu. Askari anayebisha hodi kwa ajili ya la kwanza hana ruhusa ya kuteleza hadi la pili kwa sababu tu amekwisha kuingia ndani.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aiweke mahali salama wakati wote, na inampa askari uwezo wa kudai aonyeshwe cheti. Hilo ni deni letu na tulilikubali tulipoomba leseni. Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu asipekuliwe mwilini, nyumbani wala katika mali yake, na kuwa na cheti cha silaha hakukuondoi kwenye ulinzi huo. Anayetaka kusaka nyumba hupata waranti kwa hakimu chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, na kifungu cha 119 kinaagiza waranti itekelezwe kati ya kuchomoza na kutua kwa jua, isipokuwa mahakama yenyewe iwe imeruhusu saa nyingine.

Upo mlango mwingine ambao askari huutaja sana. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinamruhusu afisa anayechunguza kosa kuingia na kusaka bila waranti, iwapo ana sababu za kuamini kwamba kuingoja kutaharibu uchunguzi wake. Masharti yake ni mazito: sababu hizo aziandike kabla hajaingia, aandike na kile anachokitafuta, na awe na kitambulisho chake cha uafisa akuonyeshe ukikitaka. Angalia neno linalobeba kifungu hicho: kosa. Kuja kutazama kama sefu imefungwa vizuri si kuchunguza kosa. Kwa hiyo swali la kwanza getini, kabla ya lolote lingine, ni hili: “Afande, hii ni ziara ya leseni au mnachunguza kesi?” Jibu lake ndilo litakaloamua uchukue njia gani.

Kufungua mara moja

Njia hii ina wafuasi wengi, hasa wazee wa mashamba ya Njoro na Rongai ambao OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, anawajua kwa majina. Faida yake ni ya kweli. Askari anafika, anakaribishwa chai, anaona sefu imefungwa kwenye ukuta kwa bolti, anasoma namba, analinganisha na cheti, anaondoka. Dakika chache tu. Uhusiano na kituo unabaki mzuri, na siku wezi wa mifugo wakija usiku, simu yako inapokelewa na mtu anayejua boma lako liko wapi.

Hasara yake ya kwanza inanitia hofu kuliko zote. Majambazi wanaojifanya polisi si hadithi nchini mwetu. Wanakuja na pingu, wengine na redio za mkononi, wanaongea kwa sauti ya amri. Nyumba nyingine wanazifuata kwa ajili ya pesa, lakini nyumba ya mwenye bastola wanaifuata kwa ajili ya bastola. Anayejua kwamba una silaha na akafaulu kukufanya ufungue sefu kwa mkono wako mwenyewe amemaliza kazi yote bila kuvunja hata kufuli. Mwenye silaha anayefungua geti bila kuhakikisha anahatarisha watu wake, na anahatarisha pia mtu asiyemjua kabisa, yule atakayeelekezewa bastola hiyo wiki ijayo huko Kaptembwo au Kondele.

Hasara ya pili ni kwamba ruhusa isiyo na mipaka haina pa kuishia. Umesema “karibuni, tazameni mnachotaka”, basi wamekwenda hadi chumba cha watoto. Kulalamika baadaye ni kugumu, maana uliwaruhusu mwenyewe. Anayependa njia hii angalau aseme mpaka wake mapema: cheti, silaha, risasi, sefu, basi.

Kudai waranti

Kisheria, kwa ziara ya kawaida ya leseni, unaweza kuwaambia hawaingii. Wakili yeyote wa jinai atakuthibitishia kwamba kukataa kupekuliwa bila waranti si kosa. Hata hivyo cheti chako kinaishi kwa hiari ya mamlaka ya leseni, na sheria inaruhusu kifutwe iwapo mwenye nacho ni mlevi kupindukia, hana akili timamu, au hafai kwa sababu nyingine. Hiyo “sababu nyingine” ni pana. Askari aliyefukuzwa getini ataandika ripoti, na ripoti hiyo itasomwa utakapokwenda kuhuisha.

Hauko bila kinga. Kifungu cha 47 cha Katiba, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, vinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kusikilizwa kabla ya uamuzi wa kukuumiza. Unaweza kushinda. Ila ushindi huo huja kupitia mahakama, kwa pesa na kwa muda, na muda wote huo silaha yako huenda iko kwenye ghala la kituo. Mkulima wa Solai anayelinda ng'ombe hataufurahia sana.

Kwa hiyo kudai waranti nakuweka kwa hali mahususi. Wamekuja usiku, na hakuna anayeweza kukuambia dharura ni ipi. Au hawataki kuonyesha vitambulisho. Au kituo wanachodai wametoka kinasema hakijui habari zao. Au wanataka simu yako, tarakilishi yako, au chumba cha mgeni wako. Au wamejibu lile swali la kwanza kwamba wanachunguza kesi: hapo hali imegeuka kabisa, mpigie wakili, usiwazuie kwa mwili wako, usiwatukane, na usijibu maswali ya kesi ukiwa umesimama uani. Wakiingia kwa nguvu, sema kwa sauti iliyotulia kwamba hujawaruhusu. Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinaitaka mahakama itupe nje ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki, iwapo kuupokea kutaharibu haki ya kesi. Maneno yako hayo ya utulivu yatakuwa na kazi siku hiyo.

Kwa watu wa Mlima Elgon haya hayasomwi kama nadharia. Operesheni Okoa Maisha, iliyoanza Machi 2008, ilikuwa ya kuwasaka wapiganaji na silaha, na familia nyingi za Cheptais na Kopsiro zilibaki na majeraha ambayo hayajafunga. Mzee wa huko anayesita kumfungulia mlango mtu mwenye bunduki ana kumbukumbu, na askari mwenye busara anaanza na chifu au mzee wa kijiji kabla ya kufika kwenye boma.

Kuwahoji kwanza, kisha kuwaonyesha sefu pekee

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi, na inafaa kuelezwa jinsi inavyokwenda hasa, kwa sababu wengi wanaifahamu kwa jina lakini siku yenyewe wanababaika.

Geti linabaki limefungwa. Unazungumza kupitia kidirisha au juu ya ukuta. “Karibuni, afande. Mmetoka kituo gani?” Wanataja kituo. “Naomba kuona vitambulisho, na nani amewatuma?” Unasoma jina na nambari ya huduma, unaandika. Kisha unapiga simu kituoni, kwa nambari uliyoihifadhi zamani, kamwe si ile unayopewa na aliyesimama mbele yako. Hapa ndipo watu wengi huanguka: hawana nambari ya OCS wao. Ipate wiki hii. Nenda kituoni mwenyewe, jitambulishe kama mwenye cheti, uombe nambari ya ofisi. Simu ya kituo isiposhika, 999 na 112 zipo, na ukiwa mtaa kama Section 58 au Naka unaweza kumwomba jirani wa Nyumba Kumi, ule mpango wa ulinzi wa majirani, aje asimame nawe.

Askari wa kweli hatakasirikia hili akiambiwa vizuri. “Afande, si kwamba siwaamini. Hii nyumba ina silaha, na ninyi wenyewe mlinifundisha nisimfungulie yeyote.” Maneno hayo ni kweli, na yanampa heshima yake. Akikasirika kwa sababu umempigia mkubwa wake, hiyo pia ni habari ya kukusaidia kuamua.

Kituo kikithibitisha, unasema mpaka: wawili wanaingia, wanaonyeshwa cheti, sefu, silaha na risasi. Watoto na dada wa kazi wanakwenda sehemu nyingine ya nyumba. Unafungua sefu wewe mwenyewe, unatoa silaha mtutu ukielekea pasipo na mtu, unatoa magazini, unahakikisha chemba haina risasi, ndipo unaiweka mezani. Wanasoma namba. Wanahesabu risasi, nawe una stakabadhi za ulizonunua na kumbukumbu za ulizopiga uwanjani. Mwisho unaomba ziara iandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na upewe nambari yake. Wakisema OB iko kituoni, pitia kesho yake uichukue. Wakiondoka, andika kwako mwenyewe saa, majina na walichokiona, kabla kumbukumbu haijachujuka.

Udhaifu wa njia hii ni muda, na kwamba inataka mtu mwenye moyo mtulivu. Pia inategemea simu. Huko ndani Kuresoi au upande wa Kibos mtandao ukisumbua, kuhakikisha kunaweza kuchukua nusu saa. Wasubiri. Hakuna sefu iliyowahi kukimbia.

Kama haupo nyumbani

Hili linastahili aya zake kwa sababu linawaponza watu wasio na hatia. Askari wamefika, baba yuko kazini Naivasha, mama yuko nyumbani na ana hofu. Wanamwambia, “Mama, tufungulie tu tuone.” Naye anakwenda, anachukua ufunguo nyuma ya picha ya harusi, anafungua.

Kwa kufungua ameonyesha kwamba mtu asiye na cheti anaifikia silaha. Cheti ni cha mtu mmoja. Ufunguo au namba ya siri vinapaswa kujulikana na huyo mmoja tu. Ziara iliyokuja kutafuta uzembe imeupata, na imeupata mikononi mwa mtu aliyekuwa akijaribu kusaidia. Jibu sahihi la mke, mume, mtoto au mlinzi ni fupi: “Mwenye silaha hayupo, sina ufunguo, hii hapa nambari yake, naomba mrudi akiwepo.” Jibu hilo linawaridhisha askari wa kweli kuliko mlango wa sefu ulio wazi. Lifundishe nyumbani kwako leo jioni, na ule ufunguo uuondoe nyuma ya picha.

Kituoni badala ya nyumbani

Unaweza kusema, “Nitaileta kesho, mwikague huko.” Inafaa kama nyumbani kuna msiba, mgonjwa au wageni wengi, na baadhi ya vituo vitakubali. Ila kituoni wanaona silaha tu, hawaoni inakolala. Kama kusudi lao ni sefu, umeahirisha tu. Yaifaa zaidi safari ndefu: ukienda nje ya nchi kwa wiki kadhaa, kuiacha kituoni kwa maandishi ya OB ni salama kuliko kuiacha kwenye nyumba tupu.

Wengine wanavyofanya, na kwa nini ziara ya ghafla ina maana

Naelewa hasira ya anayesema wangenipigia simu kwanza. Lakini tazama Winnenden, Ujerumani. Tarehe 11 Machi 2009 kijana wa miaka 17 aliwaua watu 15 kwa bastola ya baba yake, kisha akajiua. Baba alikuwa mwenye leseni halali. Alikuwa na bunduki nyingi, na zote alizifungia kwenye sefu isipokuwa bastola moja, iliyokuwa chumba cha kulala. Ziara yenye miadi isingeiona bastola hiyo chumbani, kwa sababu angeirudisha kwenye sefu asubuhi ya miadi. Mwaka huohuo Ujerumani ilibadilisha sheria: mwenye silaha lazima awaruhusu wakaguzi waone anavyozihifadhi, hata bila ya kushukiwa lolote. Hata hivyo kuingia nyumbani kwa nguvu bila ridhaa yake kumebaki kwa hatari kubwa ya haraka pekee.

Uingereza ilichukua njia laini zaidi. Oktoba 2014 wizara yao ya mambo ya ndani ilitoa mwongozo unaowaruhusu polisi kufika bila taarifa pale wanapoona ni lazima, lakini haukuwapa uwezo mpya wa kuingia. Wanatarajiwa kueleza sababu mlangoni, na wasije saa zisizo za kawaida pasipo haja mahususi. Chama cha wawindaji na walenga shabaha, BASC, kilikuwa miongoni mwa waliopinga kuzifanya ziara hizo kuwa desturi. Kanada iko upande mwingine: mkaguzi haingii nyumba ya kuishi bila kutoa taarifa ya kutosha, na lazima apate ridhaa ya mwenye nyumba au waranti. Huko New South Wales, Australia, kuruhusu ukaguzi wa sefu ni sharti la leseni, kwa saa za kufaa au kwa mapatano.

Kati ya mifumo hiyo, ungeniambia niuchagulie Nakuru mmoja, ningechukua wa Waingereza na kuuongezea kitu kimoja kutoka kwetu: simu ya kuthibitisha kabla geti halijafunguliwa. Taarifa ya Kanada inalinda faragha vizuri sana, lakini inaacha bastola ya chini ya mto palepale. Nasi tunajua bastola za chini ya mto ziko nyingi, kwa sababu watu wanaogopa wezi na wanataka silaha iwe karibu na mkono. Mtoto wa miaka sita naye mkono wake uko karibu. Tarehe ya ziara iwe ya ghafla. Utambulisho wa askari na kusudi lake visiwe vya ghafla kamwe.

Mambo ya nyumba yenyewe

Mahali pa sefu panaamua ziara itafika wapi. Ukiiweka ndani kabisa ya chumba cha kulala, kila mkaguzi atapita sebuleni, koridoni na mbele ya kitanda chako. Ukiweza, iweke kwenye chumba kidogo karibu na mlango, pasipoonekana kutoka dirishani, imefungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Risasi zifungiwe kando na silaha. Nakala ya cheti iwe juu, isiwe ndani ya sefu, ili ikikaguliwa peke yake usilazimike kufungua.

Anayepanga fleti, tuseme Milimani ya Kisumu, ana tatizo la ziada: mlinzi wa getini humruhusu yeyote mwenye sare kupanda hadi mlangoni, na majirani wote watajua nyumba namba ngapi ina silaha. Zungumza na mlinzi kwamba mgeni wako yeyote, hata wa serikali, aitiwe kwa simu kwanza. Usimwambie kwa nini.

Na ziara ikienda vibaya, askari wakadai hongo, wakachukua kitu bila kukiandika au wakakuumiza, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, inapokea malalamiko kwa nambari ya bure 1559, na polisi wenyewe wana Kitengo cha Masuala ya Ndani. Utaulizwa nambari ya huduma, saa na kituo, yaani yaleyale uliyoandika getini kabla hujafungua.